Tovuti Imehamishwa Seva, Sasa Imevurugika Kwenye Simu: Namna ya Kutafuta Chanzo

Tovuti za Lubumbashi, ziwe za shule, za hoteli, za maduka ya vipuri au za mawakala wa forodha wanaoshughulikia mizigo ya mpaka wa Kasumbalesa, husomwa na watu walioshika simu. Fundi anayezihamisha kutoka seva moja hadi nyingine, hata hivyo, hufanya kazi yote kwenye kompyuta, huzikagua kwenye kompyuta hiyo hiyo, akaridhika. Kesho yake mteja anapiga simu kulalamika: maandishi yamekuwa madogo mno, kitufe cha menyu hakifunguki, picha hazionekani, na mtu analazimika kuukuza ukurasa kwa vidole viwili ili asome bei.

Katika hali hiyo, jambo la kwanza la kushika ni kwamba kuhamisha seva hakubadilishi usanifu wa tovuti. Ikiwa juzi ilijirekebisha vizuri kwenye skrini ndogo, basi CSS (maagizo ya mwonekano wa ukurasa) iliyoifanya hivyo bado ni sahihi, na kilichobadilika ni kile ambacho seva mpya inakifikisha kwenye simu. Fundi anayekimbilia kuongeza mistari mipya ya `@media`, yaani sheria za CSS za ukubwa fulani wa skrini, ili kulazimisha mambo yakae sawa anaacha chanzo mahali pake, na siku chanzo hicho kitakapoondolewa, mistari yake itabaki kuleta vurugu nyingine. Kwa hiyo usiguse CSS mpaka ujue ni faili gani, au ni mstari gani, usiofika. Wala usiifunge seva ya zamani mapema, kwa kuwa ndiyo kipimo chako: kila swali lililo hapa chini hujibiwa kwa kulinganisha kile inachotoa yenyewe na kile inachotoa seva mpya.

Simu inaitazama seva ipi?

Kabla ya kuchunguza lolote, hakikisha kwamba simu inayolalamikiwa imefika kwenye seva mpya. Anwani ya DNS (mfumo unaounganisha jina la tovuti na seva yake) ikibadilishwa, kila mtandao huendelea kukumbuka anwani ya zamani kwa muda uliowekwa kwenye TTL, yaani muda wa kuikumbuka anwani, na ikiwa TTL ilikuwa sekunde 86400, huo ni mchana na usiku mzima. Kompyuta yako iliyo kwenye Wi-Fi ya ofisi inaweza kuwa imekwisha kuhamia, huku simu ya mteja iliyo kwenye laini ya Airtel, Orange au Vodacom ikiwa bado inapelekwa kulikozoeleka. Mtu aliyeko Kasumbalesa huenda hata yuko kwenye mtandao wa Zambia bila kujua. Ndiyo maana ni busara kuishusha TTL hadi sekunde 300 angalau siku moja kabla ya uhamisho.

Njia nyepesi ya kujua ni kuweka kwenye seva mpya pekee faili ndogo ya maandishi, tuseme `ni-mpya.txt`, kisha kumwomba mteja aifungue kwenye simu yake. Akiona maandishi, yuko kwenye seva mpya. Akiambiwa ukurasa haupo, bado yuko kwenye ile ya zamani, na malalamiko yake yanahitaji subira, au yanahusu tatizo lililokuwepo tangu awali ambalo hakuna aliyelitazama. Hilo la pili hutokea mara nyingi kuliko mafundi wanavyokubali.

Upande wa kompyuta, unaweza kuilazimisha amri ya `curl`, inayoomba faili kwenye seva na kuonyesha jibu, iende kwenye seva unayoitaka bila kusubiri DNS:

`curl -I --resolve tovuti.example:443:203.0.113.25 https://tovuti.example/css/simu.css`

Badilisha jina la tovuti na anwani ya IP kulingana na zako. Ukiitumia amri hiyo mara moja kwa IP ya zamani na mara moja kwa IP mpya, utapata majibu mawili ya kuweka sambamba.

Tazama kwa jicho la simu

Kompyuta yako ina nakala za faili za zamani katika kashe ya kivinjari, na nakala hizo huweza kukuonyesha tovuti nzuri ambayo seva mpya haitoi. Fungua dirisha la faragha, bonyeza F12, nenda kwenye sehemu ya mtandao, zima kashe, kisha pakia ukurasa upya. Kila faili iliyoombwa itaonekana pamoja na namba ya jibu lake: 200 ni salama, 404 maana yake haikupatikana, 403 maana yake imekatazwa. Ctrl+Shift+M, katika Firefox na katika zana za Chrome, huigeuza skrini iwe na umbo la simu.

Kipo kipimo kimoja ambacho wengi hukipuuza. Bana dirisha la kawaida la kivinjari mpaka liwe jembamba kadiri linavyokubali, bila kutumia zana yoyote. Ikiwa tovuti inajirekebisha vizuri katika dirisha jembamba lakini kwenye simu halisi inaonekana ndogo na pana, basi CSS imefika salama na kinachokosekana ni mstari wa viewport, unaoiambia simu iuchore ukurasa kwa upana wa skrini yake. Ikiwa hata dirisha jembamba linavurugika, basi CSS yenyewe haikufika, au imefika pungufu. Kipimo hiki cha nusu dakika hugawa tatizo mara mbili na kukuepusha na saa kadhaa za kubahatisha.

Panapohitajika simu halisi, Android huunganishwa na Chrome ya kompyuta kwa waya wa USB. Kwenye simu nyingi za hapa kwetu, ambazo huwekwa kwa Kifaransa, utafungua mipangilio, ugonge mara 7 mahali palipoandikwa *Numéro de build*, kisha uwashe *Débogage USB*. Baada ya hapo andika `chrome://inspect` kwenye kompyuta, na ukurasa uliofunguliwa kwenye simu utauona pamoja na makosa yake yote. Maelekezo mengine bado huwapeleka watu kwenye kipimo cha Google cha tovuti zinazofaa simu, lakini chombo hicho kiliondolewa Desemba 2023. Lighthouse, iliyomo ndani ya Chrome, ndiyo ya kutumia sasa.

Mstari wa viewport

Simu isipoukuta mstari ufuatao katika sehemu ya `head`, huchukulia kwamba ukurasa ulitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, huuchora kwa upana wa takriban pikseli 980, kisha huupunguza wote uenee kwenye skrini:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Swali ni kwa nini upotee kwa kuhamisha seva tu. Wakati mwingine kilichopakiwa ni nakala ya zamani ya kiolezo, iliyotengenezwa kabla mstari haujaongezwa. Wakati mwingine kiolezo-mtoto (kinachobeba marekebisho ya kiolezo kikuu), ambacho ndicho kilichoubeba, hakikuwashwa upande wa pili. Lakini chanzo kinachosumbua zaidi, kwa sababu hakionekani ndani ya faili zako hata ukizisoma zote, ni jina la tovuti lililonunuliwa mahali pamoja na seva iliyo mahali pengine, vikaunganishwa kwa uelekezaji wa kuficha anwani. Katika mpango huo, muuzaji wa jina huifungua tovuti yako ndani ya fremu ya ukurasa wake mwenyewe. Simu husoma viewport ya ukurasa wa nje tu, na ule wa nje mara nyingi hauna kitu. Mstari wako uliomo ndani ya fremu haumhusu mtu.

Ili kugundua hilo, tazama msimbo wa ukurasa unaotolewa kwa jina halisi la tovuti. Ukikuta mistari michache tu na neno `frame` au `iframe` lenye anwani ya seva yako, umeshapata jibu. Dawa yake ni kuuacha uelekezaji huo kabisa na kuweka rekodi ya A, yaani mstari wa DNS unaolipeleka jina la tovuti moja kwa moja kwenye IP ya seva mpya.

CSS iliyofika nusu, iliyopotea au iliyokataliwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na mtandao wetu huchangia. Mtu anayepakia maelfu ya faili kwa FTP (njia ya kupakia faili moja moja) kupitia laini ya simu, umeme ukikatika au mtandao ukilegea katikati, huweza kubaki na faili iliyoandikwa nusu. Sasa fikiria faili hiyo ni `style.css`. Waandishi wengi wa CSS huanza na sheria za skrini kubwa, na zile za simu huziweka mwishoni kabisa. Ikikatwa mkia, sheria za kompyuta zote zimo na za simu zote hazimo. Tovuti itaonekana safi kwenye kompyuta na itavurugika kwenye simu, na kivinjari hakitalalamika hata kidogo, kwa kuwa kanuni za CSS zinakitaka kifunge chenyewe mabano yaliyoachwa wazi faili inapoishia njiani. Jibu la seva litakuwa 200. Hakuna alama nyekundu popote.

Kinachoifichua faili ya namna hiyo ni ukubwa wake. Pima ile ya seva ya zamani na ile ya seva mpya, ukiongeza `--resolve` kama hapo juu ili kuichagua seva:

`curl -s https://tovuti.example/css/style.css | wc -c`

Namba zikitofautiana, ifungue ile fupi utazame mstari wake wa mwisho, na huenda ukaukuta umeishia katikati ya neno. Ukiwa na ruhusa ya SSH (kuingia kwenye seva kwa amri) pande zote mbili, `sha256sum css/*.css` hutoa alama ya kila faili, na alama zisizofanana zinatosha kuwa ushahidi. Kwa maoni yangu, hata hivyo, ni afadhali kutolifikia tatizo hili kabisa: usiipitishe tovuti kwenye kompyuta yako. Ingia kwenye seva mpya na uivute kutoka ile ya zamani kwa `rsync -avc --partial`, ili mzigo usafiri kati ya vituo viwili vyenye mitandao imara, na laini yako ya Lubumbashi ibebe amri tu. Ikiwa huna SSH, pakia faili moja ya zip au `tar.gz` na uifungue kule kule, maana kifurushi kilichokatika hugoma kufunguka na kukupa taarifa, jambo ambalo faili moja moja haifanyi.

Sababu ya pili ni majina. Windows huyahesabu `Simu.css` na `simu.css` kuwa faili moja, ilhali Linux huzihesabu kuwa mbili. Tovuti iliyojengwa kwenye kompyuta ya Windows hufanya kazi kwa miezi bila kasoro, na siku inapopanda kwenye seva ya Linux, kila palipoandikwa herufi kubwa isiyo mahali pake hutoa 404. Sisi tunaoandika majina ya faili kwa Kifaransa tuna taabu ya ziada, nayo ni alama za juu ya herufi. Neno *Équipe* linaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili tofauti ndani ya kompyuta, ama É kama herufi moja, ama E ikifuatwa na alama yake. Kwa macho hakuna tofauti, kwa seva hayo ni majina mawili. Yabadilishe yote yawe herufi ndogo zisizo na alama wala nafasi, na usahihishe mahali yanapoitwa.

Sababu ya tatu ni seva kuitoa faili kwa aina isiyo yake. Jibu la `curl -I` kwa faili ya CSS halina budi kuwa na `Content-Type: text/css`. Likiwa `text/plain`, vivinjari vya leo huikataa, na katika nginx (programu ya seva) hilo hutokea pale mstari `include mime.types;` unaposahauliwa. Likiwa `text/html` pamoja na namba 200, usidanganyike na hiyo 200: faili haipo, na kanuni za kuelekeza zinampeleka mwombaji kwenye ukurasa wa mwanzo, hivyo kivinjari kinapewa HTML mahali palipotakiwa CSS.

Kanuni hizo za kuelekeza huishi katika `.htaccess`, faili ambayo jina lake huanza na nukta na kwa hiyo hufichwa. Katika FileZilla ya Kifaransa, fungua menyu ya *Serveur* na uchague *Forcer l'affichage des fichiers cachés*, la sivyo utaiacha nyuma. Na ikiwa umetoka Apache, programu nyingine ya seva, kwenda nginx, kuinakili hakutasaidia, kwa sababu nginx haiisomi. Kanuni zake huandikwa upya katika mipangilio ya seva. Ukikutana na 403, tazama ruhusa: 644 kwa faili na 755 kwa folda.

Picha zinazopotea kwenye simu pekee

Tangu toleo la 4.4, WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi, humpa msomaji orodha ya picha moja katika vipimo kadhaa, na kivinjari huchagua kinachoifaa skrini. Kwa kawaida, picha moja kubwa huzaa nyingine zenye upana wa pikseli 300, 768, 1024, 1536 na 2048. Wapo mafundi ambao, kwa nia njema ya kuokoa mega, hupakia picha za asili tu na kuziacha hizo ndogo wakidhani ni takataka. Kompyuta yenye skrini pana huchukua picha ya asili na kuionyesha. Simu huomba ile ya 768, haiipati, na mahali pa picha hubaki wazi. Mteja atasema kwamba tovuti haiko sawa kwenye simu, na fundi ataapa kwamba iko sawa, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Amri ya `wp media regenerate --only-missing`, ya WP-CLI (chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri), huzizalisha upya zile zilizokosekana tu. Ikigoma, angalia kama PHP (lugha inayoiendesha WordPress) ya seva mpya ina kiendelezi cha GD au Imagick, kwa kuwa bila kimojawapo hakuna picha itakayopunguzwa.

Menyu, mipangilio na kashe za WordPress

Kitufe cha menyu chenye mistari mitatu huonekana kwenye skrini ndogo tu, na hutegemea hati ya JavaScript. Ikiwa hati hiyo bado inaitwa kwa `http` wakati tovuti mpya iko kwenye `https`, kivinjari huizuia. Aikoni zinazogeuka vijisanduku ni fonti ambazo bado zinaombwa kwenye jina la zamani, ambalo halijaruhusiwa kuzitoa kwa tovuti nyingine. Yote mawili huonekana wazi katika konsoli ya kivinjari, na yote mawili hutibiwa kwa kubadilisha anwani za zamani ndani ya hifadhidata.

Ila usizibadilishe kwa amri ya kawaida ya SQL. WordPress huhifadhi baadhi ya mipangilio pamoja na hesabu ya herufi zake. Anwani mpya ikiwa ndefu au fupi kuliko ile ya kwanza, hesabu haitalingana, PHP itashindwa kuisoma, na mipangilio ya kiolezo, pamoja na ile ya menyu ya simu, itarudi ilivyokuwa siku kiolezo kiliposakinishwa. Tumia amri inayojua kuhesabu, na ianze kwa jaribio lisiloandika kitu:

`wp search-replace 'http://zamani.example' 'https://tovuti.example' --all-tables --dry-run`

Ukiridhika na matokeo, ondoa `--dry-run`. Kisha ingia *Réglages*, halafu *Permaliens*, ubonyeze kitufe cha kuhifadhi hata kama hujabadilisha chochote, ili kanuni za kuelekeza ziandikwe upya.

Tovuti zilizojengwa kwa Elementor, programu-jalizi ya kupanga kurasa, zina hatua moja zaidi. CSS ya kila ukurasa huandikwa katika `wp-content/uploads/elementor/css`, na ikiwa seva haina ruhusa ya kuandika humo, faili mpya hazitazaliwa. Rekebisha ruhusa kwanza, kisha tumia kitufe cha kufuta au kuzalisha upya faili kilichomo katika zana za Elementor. Baada ya hapo futa kashe zote: ya programu-jalizi, ya seva, na ya Cloudflare (huduma inayokaa mbele ya seva) ikiwa ipo. Kiolezo kinachotoa HTML tofauti kwa simu na kwa kompyuta huhitaji pia kashe inayotenganisha makundi hayo mawili, vinginevyo ukurasa uliohifadhiwa kwa ajili ya kompyuta utapewa simu. Linganisha `curl -s -A "Android Mobile"`, inayojifanya simu, na `curl -s` ya kawaida. Ikiwa kwenye seva ya zamani majibu yalitofautiana na kwenye mpya yanafanana, kashe ndiyo mkosaji.

Ukuta unaozuia laini za simu

Sababu ya mwisho huwachosha hata wenye uzoefu, kwa sababu tatizo huja na kuondoka. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya IP. Seva mpya yenye ulinzi mkali, inayohesabu maombi kwa kila anwani, huwaona watu hao wote kuwa mtu mmoja mwenye pupa, ikaanza kuyakataa baadhi ya maombi. Ukurasa unafika, CSS inarudishwa na namba 429 au 403, na dakika chache baadaye mambo yanakuwa sawa yenyewe. Kwenye Wi-Fi hutaliona kamwe. Zima Wi-Fi, gawa mtandao wa simu kwa kompyuta yako, pakia ukurasa mara kadhaa mfululizo ukiitazama sehemu ya mtandao, kisha soma logi (kumbukumbu za matukio) za ukuta wa ulinzi wa seva kwa saa ile ile, ukikumbuka kwamba seva nyingi huandika saa za UTC na Lubumbashi iko mbele kwa saa 2. Anwani ikionekana humo, omba kiwango kiinuliwe, au faili za CSS, JavaScript na picha zisihesabiwe kabisa.

Yote yakikaa sawa, irudishe TTL kwenye kiwango chake cha kawaida, uendelee kusoma logi za seva ya zamani kila siku, na uifunge pale utakapoona kwamba zinazoitembelea sasa ni roboti tu.